Mgeuze Kanali Tumwone

Tarehe 6 Machi
Mvua ya kwanza leo, na mume wangu karudi kazini na sungura ndani ya ndoo. Sitanii. Nilisikia kitu kinakwaruza, nikadhani ni vifaa vyake vya bomba, kumbe masikio mawili yananichungulia. Anasema alikwenda kuzibua sinki nyumba fulani, wenyewe wanahama, mnyama hana pa kwenda, naye akamkumbuka mke wake anayeshinda kibarazani na tumbo lake, anasuka vichwa vya watu, hana wa kupiga naye soga. Nikamwambia wateja wangu wanapiga soga mpaka taya zinawauma, sungura ataongeza nini? Lakini nilishamshika. Ni wa kahawia, mkubwa, mzito, na moyo unamdunda vidoleni mwangu.

Mama mkwe katoka chumbani akifunga kanga. "Lete hapa." Akamlaza chali mapajani, kichwa chake akakiingiza kwapani, vidole viwili vikabonyeza pale pale. "Mficha uchi hazai, bwana wee, tulia." Ndivyo anavyowaambia wanawake wote pale kliniki anakozalisha, wakibana miguu kwa aibu. Kisha akatangaza kwa ile sauti yake ya wodini: "Dume!"

Mume wangu akapiga makofi. Nani ambishie? Nusu ya mtaa huu alitangaza yeye jinsia zao kabla hawajafumbua macho. Tumempa jina Kanali, kwa vile anavyokaa kifua mbele.

Tarehe 9 Machi
Mvua. Kanali katafuna rasta za mteja akiwa amekaa kwenye kiti, kichwa nusu nimekisuka, nusu bado. Nimeomba radhi mpaka mdomo umekauka.

Tarehe 14 Machi
Naandika nikiwa na hasira, Mungu anisamehe. Jana nimekutana na mama mkwe getini, nimemwamkia kwa adabu zote, kanipita kama mlingoti wa umeme. Nikasema tena kwa sauti, ndipo akageuka: "Aa, ni wewe!" Kwani alitegemea nani? Malkia? Leo nimeuma jiwe kwenye maharage, na maharage kachambua yeye. Nikinyanyua mdomo nitaambiwa mkamwana ana kiburi. Nimelitema jiwe kimya kimya.

Na bado kashapanga kila kitu. "Mjukuu wangu atapokewa na mikono hii." Hakuna aliyeniuliza. Mume wangu anatabasamu tu, maana mama yake akisema, mbingu imesema.

Tarehe 21 Machi
Makubwa haya. Fundi viatu wa nyumba ya pili ana sungura dume, mweusi mwenye baka jeupe usoni. Banda lake linavuja, akaja kuniuliza kama amweke kwetu kwa Kanali mpaka apate bati. Mama mkwe akamkatalia hapo hapo: "Madume wawili? Watahasiana!" Kweli, hata mimi nimesikia madume hung'oana sehemu zile kwa meno.

Fundi viatu akamtazama Kanali, akakuna kichwa. "Mama, shikamoo, sikubishii. Lakini huyu mbona ana mkunjo mkubwa hivi chini ya kidevu? Mikunjo ya namna hii huwa ya majike."

Loo! Mama mkwe alivyomgeukia! "Wewe umezaa wangapi?" Maskini fundi akachukua sindano yake na kiatu chake akaenda zake. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Tarehe 22 Machi
Sikulala vizuri, si kwa sababu ya mtoto. Ule mkunjo. Kila Kanali akijilamba naona anauvuta manyoya.

Tarehe 24 Machi
Nimemuuliza mama mkwe, kwa upole, namna ya kutambua. Alifurahi kufundisha, nikamwona kama mtu mwingine. "Mlaze chali, mshike asirushe miguu, uti wa mgongo wake huvunjika upesi. Bonyeza taratibu, mbele ya tundu la haja. Kikichomoza kitu cha mviringo kama bomba dogo, dume. Ukiona mpasuko, jike. Na usitafute korodani, dume akiogopa huzipandisha tumboni, akakudanganya mchana kweupe."

Basi alipokwenda kazini nikakaa kwenye mkeka, nikamgeuza Kanali kama nilivyoelekezwa. Nikabonyeza.

Mpasuko. Umenyooka kama tundu la kifungo. Si wa kutafuta, si wa kubahatisha. Nikamwachia, nikamgeuza tena, nikabonyeza tena. Tundu la kifungo lile lile.

Nimeduwaa. Kukosea nakuelewa, mtu hukosea. Lakini hili asingelikosea hata mtoto wa chekechea, na huyu mwanamke ameshika kazi hii tangu mume wangu hajazaliwa, na somo alilonipa halina kasoro hata moja. Anajua kila kitu cha kutazama. Sasa alitazama nini?

Tarehe 25 Machi
Sijamwambia mtu. Mvua kutwa, wateja hawakuja.

Tarehe 29 Machi
Nitaandika pole pole, nisiruke kitu.

Leo mvua ilikatika, jua kali, ua mzima unang'aa. Nilimwita fundi viatu kwa siri aje na dume lake, niwatazame wawili pamoja, nijue kama nina wazimu. Tulikuwa tumemtoa mweusi wake kwenye kikapu, Kanali yuko nyuma ya pipa anatafuna majani. Mara mama mkwe karudi mapema, getini huyo! Fundi viatu akasimama kama mwizi. Mimi nikamweka mweusi kwenye kiti changu cha kusukia, sijui kwa nini, nilipagawa tu.

Mama mkwe akaja moja kwa moja, akamnyanyua kutoka kwenye kiti, akampakata. Akamkuna nyuma ya masikio. "Kanali wangu," akasema, "leo umenona."

Mweusi! Mweusi tii mwenye baka jeupe, kwenye jua la saa saba, karibu na pua yake. Kanali ni wa kahawia kama ngozi ya kiatu. Fundi viatu alinitazama, nami nikamtazama. Mama mkwe akaendelea kumsemesha, kisha akasema, "Na fundi nawe, naona umekuja kuomba tena." Alimjua kwa harufu ya gundi.

Fundi viatu akajibu, "Ndiyo, mama." Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Akamchukua mnyama wake kwa adabu, kana kwamba anapokea mtoto mchanga, akaondoka.

Haoni. Jamani, haoni! Si kiburi, kule getini. Yale mawe kwenye maharage. Chai anayomimina kidole kikiwa ndani ya kikombe, nami nikasema moyoni ni uchafu. Uzi anaotaka nimtungie kwenye sindano, nami nikasema anajifanya bibi mkubwa. Nimeishi naye nyumba moja, nimemchukia kwa kila alichoshindwa kukiona.

Na kesho asubuhi anakwenda kupokea watoto wa watu.

Tarehe 30 Machi
Nimekaa kutwa nikisuka, vidole vinakwenda, kichwa hakipo. Nimempasua mteja njia ya nywele imepinda kama mkojo wa ng'ombe. Ilibidi nifumue.

Tarehe 2 Aprili
Nimemwambia mume wangu. Ni heri ningemeza ulimi.

"Mama? Haoni? Mama anatembea nyumba nzima hagongi hata stuli!"

"Stuli hazihami," nikamwambia. "Watoto wanahama."

Akasema tangu mwanzo namtafutia mama yake sababu. Akasema mimba inanipandisha kichwani. Akasema Kanali ni dume. Nikamshika mkono nimwonyeshe, akauvuta. Tumelala migongo ikitazamana.

Tarehe 5 Aprili
Hatusemezani. Mvua inapiga bati mpaka husikii redio. Kanali peke yake ndiye anayezunguka nyumba nzima kwa amani.

Tarehe 8 Aprili
Yarabi. Yarabi. Naandika kama nilivyosikia.

Juzi kliniki walijifungua wanawake wawili, karibu kwa pamoja. Mvua, mawingu meusi, umeme ukakatika, chumba kikawa giza saa za mchana. Mtoto mmoja alimpokea mama mkwe, mwingine nesi mdogo tunayemwita Kidoti, kwa kidoti chake cha shavuni. Mama mkwe akamnyanyua wake akatangaza, "Dume!" Baba yuko barazani, akasikia, akapiga simu kwa ukoo mzima, akampa mtoto jina la marehemu baba yake. Kidoti akawaosha wote wawili, akawavisha. Walipofika nyumbani mama akafungua nepi.

Msichana.

Na yule mwingine, wa Kidoti, ni mvulana. Baba yule karudi kliniki na kaka zake, wanapiga meza, wanasema mtoto wao kabadilishwa. Wanamtaka mvulana. Wale wazazi wengine nao wamejifungia na mtoto wao, wanalia, wanasema atakayemgusa watauana. Na nani aliwashika watoto wote wawili? Kidoti. Kidoti kasimamishwa kazi, na kesho kutwa kuna kikao, wakimwona ana hatia wanampeleka polisi.

Mama mkwe karudi, kakaa kitandani, hakula. Mume wangu akamuuliza, "Mama, imekuwaje?" Akasema, "Mambo ya vijana, hawako makini."

Nilikuwa mlangoni na sahani mkononi. Nilisikia masikio yanawaka. Mambo ya vijana!

Tarehe 9 Aprili, asubuhi
Kidoti kaja kibarazani, mvua imemlowesha, kasema anataka kusukwa. Nikamkalisha. Nimegawanya nywele zake mistari miwili tu, akaanza kulia.

Nikamwinamia sikioni. "Unajua kwamba mama haoni."

Mabega yakamkauka. "Nani kakwambia?"

"Sungura."

Akageuka kunitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamweleza yote, dume na jike na mweusi na kahawia. Akaficha uso mikononi. Anajua tangu mwaka jana! Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yeye ndiye anayemsomea vipimo, anayemtajia rangi ya mtoto kwa kumnong'oneza, anayesimama upande wake wa kushoto kila siku. Siku ile wanawake walikuwa wawili, hakuweza kusimama pande mbili, na kwa kelele za mzazi wake hakusikia kilichotangazwa.

"Basi sema kwenye kikao!" nikamwambia.

"Dada, yule ndiye aliyenifundisha kushika mtoto. Nitamvua nguo mbele za watu kwa mdomo gani?"

"Watakufunga!"

"Nimelifikiria hilo."

Nimemsuka mpaka mwisho, mistari imenyooka, nikachovya ncha kwenye maji ya moto. Aende kikaoni kichwa kiko sawa, ndilo lililokuwa mkononi mwangu.

Tarehe 9 Aprili, alasiri
Siwezi kungoja kesho kuandika hili.

Mama mkwe alikuwa amekaa uani chini ya bati, mume wangu karibu yake anafunga koki ya pipa. Nilimchukua Kanali kutoka kwenye sanduku lake. Tumbo langu zito, miguu imevimba, nikaenda nikamweka mapajani mwake.

"Mama, mgeuze Kanali, utuambie ni nini."

"Nilishasema."

"Sema tena. Safari hii ukitazama."

Mume wangu akaanza, "Wewe, umeanza..." nikamwonyesha kiganja, akanyamaza. Sijawahi kumwonyesha kiganja.

Mama mkwe alimlaza Kanali chali, kichwa kwapani, vizuri kama siku ile. Vidole vikabonyeza. Akainama, akainama zaidi, mpaka pua yake karibu iguse manyoya. Akageuza uso pembeni, kama watu wanaotafuta mwanga. Koki ilikuwa inadondosha matone. Niliona kidevu chake kinatetemeka, nikatamani nimnyang'anye mnyama niseme yameisha, nimeshinda, basi. Sikufanya hivyo.

"Sioni," akasema.

Spana ilimponyoka mume wangu ikalia kwenye sakafu.

"Sioni, wanangu. Naona mwanga. Naona wewe ni kitu kirefu na mkeo ni kitu cha mviringo. Huyu sijui ni dume, sijui ni jike, sijui hata kama ni Kanali."

"Ni Kanali," nikasema. "Ni jike."

"Tangu lini mama?" Mume wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo, ile ile aliyomletea sungura, na uso wake umekuwa wa mtoto mdogo. "Kwa nini hukusema? Macho si yanasafishwa siku hizi?"

"Wakinisafisha wasiponiweza? Nikivua ile aproni, mimi ni nani humu ndani? Bibi wa kukalishwa kona na kuulizwa kama amekunywa uji?" Ndipo akapandisha sauti, ile ya wodini. "Mikono hii haijawahi kuangusha mtoto! Hata mmoja!"

"Kesho inamwangusha Kidoti," nikasema. Nilikuwa nalia, sioni aibu kuandika. "Mficha uchi hazai, mama. Si ni wewe uliyetufundisha?"

Nilidhani atanipiga. Akanyoosha mkono, ukapapasa hewani, ukaniangukia gotini, ukanipiga kofi moja jepesi. Akacheka, kicheko kibaya, kikageuka kilio. Kanali katikati yetu akajisaidia kwenye kanga yake.

Tarehe 10 Aprili
Tumekwenda naye wote watatu. Alikataa kushikwa mkono mpaka ngazi za kliniki, hapo akanishika mimi, si mwanawe.

Chumba kimejaa, yule baba na kaka zake ukuta huu, wale wazazi wengine ukuta ule, Kidoti kwenye benchi na nywele zake mpya. Mama mkwe hakungoja kuitwa. "Mtoto wenu ni yule mliyepewa. Ni mimi niliyetamka dume. Mimi sikuona. Huyu binti hana kosa hata la kucha."

Yule baba akaruka. "Unamkingia! Mkunga mzima utasemaje hukuona?"

"Baba," akamwambia kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "hapo ulipo naona shati jeupe. Sijui kama unalia au unacheka."

Alikuwa analia. Chumba kizima kilikuwa kinamwona analia, isipokuwa yeye. Daktari akawa ameshika kalamu hewani. Yule mama wa mtoto akamfunua binti yake usoni, akamtazama, nami nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama bila kumtafuta mwingine.

Wamesema damu itapimwa ili mioyo itulie. Kidoti karudishwa kazini. Mama mkwe kavua aproni yake hapo hapo, kaikunja, kampa Kidoti.

Tarehe 17 Aprili
Vipimo vimetoka. Kila mtoto yuko kwa mamake. Mume wangu kachambua maharage mwenyewe, kaniomba radhi jikoni bila kunitazama. Nimemwambia radhi huombwa macho kwa macho. Akageuka.

Tarehe 23 Aprili
Mama mkwe kapangiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho mwezi ujao. Anaogopa. Kaniambia mimi tu, tukiwa tunampa Kanali majani. "Mwanangu, nimewaambia wanawake wangapi wasiogope kisu?" Amesema mwanangu. Sikuonyesha kustuka, lakini nilistuka.

Tarehe 25 Aprili
Fundi viatu kauliza kama sasa Kanali na mweusi wanaweza kukaa pamoja, maana si madume wawili tena. Mama mkwe akasema, "Ndiyo maana nakataa zaidi!" Tumecheka wote wanne, mume wangu naye.

Tarehe 4 Mei
Naandika kitandani, kliniki, mkono mmoja.

Uchungu ulinianza asubuhi nikiwa nasuka. Nilimalizia msuko, mteja ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Kidoti alikuwa zamu. Mama mkwe alisimama kichwani kwangu, kwa mara ya kwanza maishani mwake yuko upande ule, hajui aweke wapi mikono. Mwisho akanishika kichwa. Nilimtukana, nadhani, nikamtukana na mwanawe. Akasema, "Tukana, mwanangu, mlango unafunguka kwa matusi."

Mchana wa jua, madirisha wazi, mtoto akatoka na kulia. Kidoti akamnyanyua, akafungua mdomo atangaze, akasita. Akamtazama mama mkwe. Miaka yote, chumba kile, anayetangaza ni mmoja. Wote wawili tukamngoja.

Hakutangaza. Alikuwa ameelekeza uso wake kwenye ile sauti inayolia, macho wazi kabisa, machozi yanashuka, na vidole vyake kichwani mwangu vikikaza.

"Ni nini?" akaniuliza. "Niambie wewe."

Nikamwomba Kidoti amlete karibu. Nikatazama. Nikatazama tena, maana katika nyumba yetu hatutazami mara moja.

"Ni msichana, mama."

"Una hakika?"

"Nimemgeuza mara mbili."

Akacheka, akafuta uso kwa kanga, akatafuta kitanda kwa mkono na kukaa. Tukamweka mtoto mikononi mwake. Alimshika kwa namna yake, kichwa kiganjani, na mtoto akanyamaza.

"Haya," akasema. "Mambo ya mikono nayajua. Mengine nihadithie, taratibu, usiruke kitu."

Nikaanza na nywele, maana hizo ndizo ninazozijua.